Nani Anakupikia?

Ukimwendea Daktari na kikohozi, hakuanza na kikohozi. Alianza na nani anakupikia. Ukisema ni mke wako, alikuuliza kama mnaongea. Ukisema mnaongea, alikuuliza mara ya mwisho mmecheka lini. Foleni imeshafika kwenye ua wa mkonge, watoto wanalia, wenye homa wanatetemeka juani, na yeye kalamu iko sikioni, anangoja jibu. Ukidanganya alijua, akarudi nyuma kuanza tena na nani anakupikia. Jamani, mtu alikuwa anaweza kupona akiwa bado yuko kwenye foleni.

Mvuvi mmoja wa Kiriba, aliyekuja kijijini kwetu kumtembelea dada yake, alipandwa na hasira mbele ya watu wote. "Daktari, mimi nimekuja na kikohozi. Sikuja na ukoo wangu!"

Daktari akamtazama juu ya miwani. "Kikohozi hakikutembea chenyewe kutoka Kiriba," akasema. "Umekileta wewe, na wewe una ukoo. Kaa chini."

Mvuvi akakaa. Alitoka mle ndani baadaye sana, ana vidonge mfukoni na macho mekundu, na hakutuambia walichozungumza.

Tulimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari. Alikuwa mganga msaidizi wa vijijini, mtu wa zahanati yetu upande wa Butiama, lakini kwetu aliyeshika kipimo cha kusikilizia moyo alikuwa daktari, na yeye hakutusahihisha. Kipimo hicho alikivaa shingoni zahanati, kwenye mikutano ya kijiji, na kanisani siku ya Jumapili. Alikuwa mwembamba, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi ya mkaa mpaka ina makali, soksi zimevutwa mpaka magotini, na chini ya soksi hizo kandambili za matairi. Mwenyekiti wa kijiji alisema Daktari amevaa serikali juu na wananchi chini.

Wabaya walisema maswali yake yalitegemea rafu ya dawa. Dawa zikifika kutoka Musoma, maswali yalipungua kidogo. Klorokwini ikiisha, mazungumzo yalirefuka. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale pale kijijini, dirisha la darasa langu linatazamana na zahanati, kwa hiyo naweza kusema wabaya walikosea. Hata rafu ikiwa imejaa alikuwa msumbufu vile vile.

Alipiga marufuku sigara kijijini, kisha mchana akajificha nyuma ya zahanati kunusa ugoro. Nilimkuta siku moja ana machozi ya chafya. "Mwalimu," akaniambia bila kupepesa, "mimi nimekataza mapafu. Ugoro ni wa pua." Alituhubiria kuchemsha maji mpaka watoto wangu wa darasa la pili wakatunga wimbo wa kuchemsha maji, lakini akikutembelea nyumbani alikunywa maji ya mtungini bila kuuliza lolote. Nilipomshika kwa hilo alisema kumwuliza mwenye nyumba kama maji yamechemshwa ni kumtia homa nyingine. Kwenye mikutano aliwasema vibaya waganga wa mitishamba, wote, bila huruma. Mtu akivunjika mfupa, basi, anapitishwa mlango wa nyuma na kuelekezwa kwa mzee wa kuunga mifupa aliyekaa njia ya Bunda, kwa sababu plasta hatukuwa nayo, na kwa sababu, kwa maneno yake, yule mzee ni mjinga lakini mikono yake imesoma.

Na kitu kimoja zaidi. Aliwatuma watu wazima wapatane na mashemeji, na mawifi, na majirani waliodaiwa kuroga ng'ombe, kama sehemu ya matibabu. Yeye mwenyewe alikuwa na kaka yake Bunda, mkulima wa pamba, na hawakuwa wakisemezana. Ukimgusia hilo alijibu neno moja. "Siumwi."

Sasa ilikuja operesheni ya kuhamia vijijini. Daktari aliiunga mkono kwa moyo wote, na hili nalisema wazi kwa sababu siku hizi kila mtu anadai alikuwa anapinga kimyakimya. Alisimama kwenye mkutano, kipimo shingoni. "Ndugu wananchi," akasema, "mama mjamzito akiletwa kwa machela kutoka kule mlimani, ananifikia amekwisha. Mimi nina zahanati moja na miguu miwili. Teremkeni niwaone." Maneno ya kweli kabisa. Tulipiga makofi, wengine kwa kupenda, wengine kwa sababu mgambo walikuwa wamesimama nyuma yetu. Maneno hayo yakamfurahisha bwana mmoja wa wilayani, akampeleka Daktari akayarudie Bunda. Huko nako wakapiga makofi, na wiki iliyofuata nyumba ya bati ya kaka yake ikaezuliwa ili ahame. Kaka akasema mbele ya watu kwamba kuanzia siku ile hana mdogo. Ndiyo hiyo "siumwi".

Mama yangu, mjane, alikuwa anakaa mlimani kwenye mawe, mji wake wa tangu aolewe. Lori lilikuja likabeba kitanda, mtungi, kuku, na mafiga matatu ya jiko, maana aliyakalia mpaka wakakubali kuyapakia. Kitu kimoja hakikupakiwa. Kwetu moto wa mwanamke hauanzi kwa kiberiti. Siku anapokabidhiwa jiko lake, mama mkwe humpa kaa la moto kutoka jikoni kwake, na moto huo unalazwa chini ya majivu usiku, unaamshwa asubuhi, miaka nenda miaka rudi. Akihama anaubeba kwenye kigae. Ukimzimikia, anakwenda kuomba kwa mtu aliyewahi kuchukua moto kwake, kwa sababu huo bado ni wake. Siku ya kuhama, mgambo mmoja alimwaga ndoo ya maji jikoni ili nyasi za paa zisishike moto. Alifanya kwa nia njema, tena alisema pole.

Kosa kubwa lilitufuata kule chini. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa kupenda mfano. Wageni walikuwa wakipita sana upande wetu, na yeye alitaka kijiji cha kuonyeshwa. Akapita nyumba kwa nyumba na kiberiti, akiwawashia akina mama majiko mapya, kila jiko na hotuba yake ndogo. Mtoto wa kwetu huyo, amelelewa na mama wa kwetu, anajua moto ni nini! Wanawake walipiga vigelegele mbele yake, na alipotoka wakatazamana. Wengi walitafuta makaa yao kimyakimya kwa majirani jioni ile ile, wakachanganya, mambo yakaisha. Mama yangu hakwenda popote.

Akaacha kula. Si kwa ugomvi, hapana. Nilimpakulia, akanawa, akamega tonge, akalishika mpaka likapoa. "Nimeshiba," alisema. Kila siku nimeshiba. Kanga ikaanza kumzunguka mara mbili. Baba tulishamzika, ndugu zangu wote wako mbali, na mimi niliogopa sana. Nilikuwa nasimamisha somo katikati, nakwenda nyumbani kuangalia kama bado anapumua, narudi kwenye hesabu za kugawanya.

Nikampeleka kwa Daktari. Akamfunua kope, akamtazama ulimi, akabonyeza tumbo. Akampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Nikashukuru Mungu, nikadhani tumemaliza. Akachukua kalamu, akaiweka sikioni.

"Nani anakupikia, Mama?"

"Huyu mwanangu."

"Anapika vibaya?"

"Hapana. Chakula chake hakina ubaya," mama akasema. "Hakina mwenyewe."

"Ulikuwa unakulaga vizuri wapi?"

"Kule juu."

"Kule juu kulikuwa na nini?"

"Moto wangu."

Daktari akavua miwani. Nilimjua, nikaona mtu wa kisomo anapanda jukwaani. "Mama, moto ni moto. Ni kuni, hewa na joto. Wa kiberiti na wa mlimani ni huo huo."

"Basi kula wewe," mama akamwambia.

Akavaa tena miwani. Akaniuliza mimi kama kuna mtu aliyewahi kuchukua moto kwa mama. Alikuwepo mmoja tu kijijini pale, na jina lake lilikuwa halitajwi nyumbani kwetu: Mama Wegesa, aliyekuwa jirani yetu mlimani, sasa amepangiwa nyumba mwisho kabisa wa mstari. Mama Wegesa alicheka kwenye msiba wa baba. Jeneza liko nje, watu wanalia, yeye akacheka kwa sauti, akajiziba mdomo na kanga, akakimbia. Hakuwahi kueleza, na mama hakuwahi kuuliza. Tangu siku ile walikuwa wakikutana kisimani kila mmoja anatazama ndoo yake.

"Basi dawa ni hiyo," Daktari akasema. "Mimi mambo ya moto siyaamini. Lakini tumbo lako linaamini, na mimi natibu tumbo. Nenda kwa Mama Wegesa ukachukue moto wako. Vidonge utameza baada ya chakula."

"Bora nife," mama akasema.

"Hiyo nayo inawezekana," Daktari akamjibu, akaita mgonjwa mwingine.

Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa, nilisimama pale mlangoni nikatamani kumvua kile kipimo nimchape nacho. Nilimrudisha mama nyumbani amejiegemeza begani kwangu, mwepesi, na vidonge kwenye karatasi.

Baada ya hapo Daktari akaanza kuja kwetu jioni akifunga zahanati. Anakaa kwenye kigoda, anauliza habari za kuku. Nikimwandalia chakula anakataa. "Siwezi kula nyumba ambayo mwenyewe hali," anasema, anaaga, anaondoka. Kesho anarudi. Sasa, mtu asiyejua kwetu ataona ni jambo dogo. Mgeni kuondoka na njaa kwa mama yangu! Mgeni wa kila siku, tena mtu wa serikali, anapita mstari mzima wa nyumba akitoka kwetu bila kufuta mdomo! Majirani walianza kuuliza kama kwetu kuna shida ya unga. Mama alikuwa ameshakubali kufa, lakini kufa na jina la uchoyo hakukubali.

Siku moja akaja mchana, jua bado kali. Akakaa kizito. "Leo sijala tangu asubuhi," akasema. "Nimekuja hivyo hivyo."

Mama akamtazama kwa muda mrefu. Nilimwona anapiga mahesabu. Angempikia kwa moto gani? Huu wa Mwenyekiti, ambao yeye mwenyewe ameukataa, ampe mgeni? Akainuka kwa kushika ukuta. Akachukua kigae, akajifunga kanga ya pili, akatoka, akashika njia ya mwisho wa mstari. Alikuwa anatembea na kupumzika, anatembea na kupumzika. Nilipotaka kumfuata Daktari alinivuta mkono.

"Akianguka?" nikauliza.

"Akianguka nitamtibu. Kaa."

Tukakaa. Akanusa ugoro wake mbele yangu bila aibu, nikajua naye ana wasiwasi. Jua likainama. Ng'ombe wakarudi. Tumbo la Daktari lilikuwa linanguruma nikilisikia.

Mama akarudi, hana kigae, hana moto. Mdomo wake ulikuwa unang'aa mafuta. Alikuwa amekula ugali wa mtama na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa Mama Wegesa, akaongezewa, akala tena. Na alikuwa anacheka. Mama yangu, anacheka peke yake njiani, ameshika mbavu.

"Mnajua alichekea nini siku ile?" akatuuliza, hata hajakaa. "Alimkumbuka baba yako alivyokimbizwa na bata mzinga wa misheni! Amevaa suti ya harusi ya watu! Akapanda juu ya gari la ng'ombe!" Akakaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka akalia, kisha akalia kweli, kilio ambacho hakulia msibani. Nikakaa naye pale chini.

Daktari akangoja mpaka aliponyamaza. "Na moto?" akauliza.

"Moto gani?" mama akasema. "Lo! Nimeusahau. Nitaufuata kesho."

Akaondoka na njaa yake. Kesho yake asubuhi Mama Wegesa alikuja mwenyewe na moto kwenye kigae chetu, wakauwasha, na kuanzia hapo sikuweza tena kuwatenganisha wale wazee wawili. Mama akanenepa, akaanza kunigombeza kuhusu chumvi.

Habari zikafika Musoma, zimeongezewa chumvi njiani, kwamba kwetu zahanati inagawa moto. Akaja mkaguzi, kijana safi, na gari. Akamwuliza Daktari mbele yetu aeleze yule mama alipona kwa nini. Ni dawa ya minyoo na vidonge vya damu, au ni mambo ya jiko?

"Ndiyo," Daktari akasema.

"Ndiyo ipi, Ndugu?"

"Mgonjwa anakula. Kama wewe unataka kujua ni kipi, tumrudishe kwenye ugonjwa nimtibu kwa kimoja kimoja. Mama mwenyewe yuko pale, mwombe."

Mkaguzi akamgeukia mama yangu. Mama akamwuliza kama ameoa, na nani anampikia. Mkaguzi akaandika kitu, akapanda gari. Mpaka leo mimi sijui ni minyoo au ni moto au ni bata mzinga, na Mwenyekiti alikufa akiamini ni kijiji.

Daktari alistaafu miaka ile ya kukosa sabuni, akaenda kukaa Makoko kwa mwanawe, karibu na ziwa. Ikaja barua kutoka kwa mwanawe kwamba anaumwa. Kisukari, na kidonda mguuni. Hospitali inataka alazwe, yeye hataki. Analala anatazama ukuta, anamjibu mkwe wake ndiyo na hapana. Kidonda kinazidi, walisema. Kikipanda, mguu utakatwa, na kama ataendelea hivyo atakufa hata kabla mguu haujakatwa.

Nilimsomea mama habari hizo nikitegemea atalia. Hakulia. Alichukua kapu lake akaniambia anakwenda Bunda. Bunda kufanya nini? Akasema ana mambo yake. Akakaa huko siku kadhaa, akaniagiza tukutane stendi ya Musoma, na nilipomkuta hakuwa peke yake. Nikafunga mdomo wangu.

Makoko mkwe wa Daktari alitupokea vizuri, akatuonyesha chumba. Mama akaingia, akavuta kigoda mpaka kitandani. Daktari alikuwa amebaki mifupa, mguu umefungwa kitambaa, unanuka. Kipimo kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari. Alimtambua mama, akasalimia, akageukia ukuta.

"Nani anakupikia?" mama akamwuliza.

"Mkwe wangu. Anapika vizuri."

"Mara ya mwisho umecheka lini?"

Daktari akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Nani humsemeshi?"

"Mama," Daktari akasema kwa ukuta, na sauti ilikuwa na ule ukali wa zamani, "mimi naumwa mguu. Siumwi ukoo."

Mama akanyoosha pindo la kanga yake. Na hapo tukasikia kikohozi nje, chini ya dirisha, kizito, cha mzee, kikavuta na kuvuta. Kichwa cha Daktari kikainuka kwenye mto. Hakuweza kujizuia, mtu yule. Miaka yote ile hakuwahi kukiacha kikohozi kipite.

"Nani anakohoa huko nje?"

"Kikohozi hakikutembea chenyewe kutoka Bunda," mama akasema.

Daktari akabaki vile vile, kichwa juu. Upepo wa ziwa ulipiga bati. Nilidhani atatufukuza wote. Halafu mkono wake ukaanza kupapasa kitandani, ukatafuta, nikaelewa, nikampa miwani yake.

"Kikohozi hicho ni cha siku nyingi," akasema. "Mwambieni aingie."

Kaka yake akaingia, mzee mrefu, kofia mkononi. Hawakusalimiana. Alisimama katikati ya chumba akatazama ule mguu, na Daktari akatazama kile kifua kinavyopanda na kushuka.

"Nani anakupikia?" Daktari akamwuliza.

"Hakuna," kaka akasema. "Tangu shemeji yako afariki, hakuna."

Daktari hakuwa anajua. Nilimwona usoni kwamba hakuwa anajua. Kisha akaushika ule mguu mbovu kwa mikono miwili, akausogeza ukutani, akampa kaka yake nafasi ya kukaa.

Tulitoka nje na mama, tukawaacha. Kesho yake wote wawili walikwenda hospitali, kila mmoja akimwambia mtu wa mapokezi kwamba yeye haumwi, anamsindikiza mwenzake.